-SIO NA RANGI: maana nne za fungu moja la maneno

Kwa mtazamo wa kwanza fungu la maneno -sio na rangi halihitaji ufafanuzi. Maji yasiyo na rangi, kioo kisicho na rangi, picha isiyo na rangi: kila mzungumzaji wa Kiswahili huyaelewa. Lakini mwalimu wa sayansi, mfasiri wa kijitabu cha afya na msanifu wa mabango wanapolitumia fungu hilohilo, kila mmoja hukusudia jambo lake. Tofauti hizo zikichanganywa katika maelezo ya maji au kioo, hasara ni ndogo. Zikichanganywa katika maelezo ya mtu, hasara ni kubwa.

Makala haya yanazitenganisha maana nne za fungu hilo na kupendekeza namna ya kuzitaja. Baadhi ya mifano imetolewa katika nyanda za juu za Kigoma, hasa wilaya za Kasulu na Kibondo. Huko Kasulu, katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu ya Kabanga, swali la nani amekosa rangi gani na nani haoni nini si swali la kamusi tu, bali ni la kila siku ya masomo.

Rangi katika sarufi ya Kiswahili

Neno rangi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi. Ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, na maana zake ni pana: sifa ya kitu inayotambuliwa na jicho kwa msaada wa mwanga (rangi ya anga), dawa inayopakwa au kutiwa juu ya kitu (kupaka ukuta rangi, kutia kitambaa rangi), na pia wajihi wa ngozi ya mtu (rangi ya maji ya kunde).

Vivumishi halisi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi ndivyo vinavyobeba viambishi vya upatanisho: kikapu cheusi, maua meupe, udongo mwekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kuazima jina la kitu chenye rangi hiyo. Kijivu hutokana na jivu, manjano hutokana na kiungo cha upishi, zambarau na chungwa ni matunda, kahawia hutokana na kahawa, na samawati hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Tena vivumishi hivyo vitatu ndivyo vyenye tanakali zilizozoeleka: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu ndu.

Mpangilio huo unalingana na jambo lililoonwa katika lugha nyingi. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha nchini Marekani utafiti wa majina ya msingi ya rangi, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo wasemaji wake waliulizwa moja kwa moja. Walieleza kwamba lugha yenye majina mawili tu ya rangi huwa na la weupe na la weusi, na ikiongeza la tatu huwa la wekundu. Nadharia yao imejadiliwa na kurekebishwa tangu wakati huo, lakini vivumishi vyetu vitatu vinaingia ndani yake bila shida.

Utata unaanzia hapa. Kwa upande mmoja, nyeupe na nyeusi ni rangi, tena ni za kwanza katika orodha. Kwa upande mwingine, mnunuzi akiagiza karatasi za rangi hatapewa nyeupe. Chaki za rangi ni zile zisizo nyeupe. Afuaye nguo huambiwa asichanganye nguo nyeupe na nguo za rangi. Televisheni ya Zanzibar ilipoanzishwa katika miaka ya 1970, fahari yake ilikuwa kwamba ilikuwa televisheni ya rangi, kinyume cha ile ya nyeusi na nyeupe.

Kanuni inayoweza kupatikana katika mifano hiyo ni hii. Neno rangi likitangulia kivumishi (rangi nyeupe, rangi nyeusi), weupe na weusi huhesabiwa kuwa rangi. Likifuata kihusishi cha a-unganifu (picha ya rangi, penseli za rangi), weupe huachwa nje, na mara nyingi weusi pia. Kwa hiyo msomaji anapokutana na -sio na rangi, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, mwandishi ameuhesabu weupe au ameuacha?

Maana ya kwanza: kitu kinachopitisha mwanga

Vitabu vya shule husema kwamba maji hayana rangi, harufu wala ladha. Maana iliyokusudiwa ni kwamba mwanga hupita ndani ya maji bila sehemu yake yoyote kuzuiwa kwa kiasi cha kuonekana. Kivumishi chake mahususi ni -angavu: maji maangavu, kioo kiangavu. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema pia chupa nyeupe au maji meupe, wakikusudia kwamba unaweza kuona upande wa pili. Matumizi hayo ni halali katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya sayansi yanapotosha, kwa sababu maziwa pia ni meupe na hayaonyeshi kitu upande wa pili.

Chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa na kuuzwa katika eneo la Kigoma kwa karne nyingi, inatoa mfano mzuri. Punje moja kubwa ya chumvi safi ukiishika mbele ya dirisha ni angavu kama kioo. Chumvi hiyohiyo ikisagwa huwa nyeupe. Hakuna kilichoongezwa. Kilichobadilika ni idadi ya nyuso: mwanga unapoingia katika rundo la punje ndogo hugonga maelfu ya nyuso, ukatawanywa kila upande, na jicho hupokea mchanganyiko wote kwa pamoja. Mchanganyiko huo ndio tunaouita weupe. Hali ni hiyohiyo kwa mawingu na kwa unga wa muhogo. Kwa hiyo uangavu na weupe vinaweza kuwa hali mbili za kitu kimoja, na lugha isiyozitofautisha humwachia mwanafunzi fumbo lisilo la lazima.

Ni vizuri kuongeza kwamba kutokuwa na rangi kwa maji ni suala la kiasi. Maji hufyonza sehemu nyekundu ya mwanga kidogo sana. Katika glasi upungufu huo hauonekani. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafikia takribani mita 1,470, mwanga husafiri mbali vya kutosha hata wekundu ukapotea na ubuluu ukabaki. Buluu ya ziwa haitokani na anga pekee. Mwalimu anayesema kwamba maji hayana rangi hajakosea, mradi aongeze: katika glasi.

Maana ya pili: weupe, weusi na kijivu

Katika upigaji picha, uchapishaji na usanifu, kitu kisicho na rangi ni kile chenye weupe, weusi na ngazi za kijivu zilizo kati yake. Picha isiyo na rangi si picha angavu, bali ni picha ambayo jicho hutofautisha sehemu zake kwa kiasi cha mwanga tu. Tunapendekeza picha ya nyeusi na nyeupe au picha isiyo ya rangi. Umbo la pili, lenye a-unganifu, linakubaliana na kanuni iliyotajwa hapo juu na halina utata.

Katika sayansi ya mwanga weupe si upungufu hata kidogo. Isaac Newton alipopitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, katika majaribio aliyoyaanza katika miaka ya 1660 na kuyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1704, alionyesha kwamba mwanga mweupe umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Weusi ndio upungufu: uso mweusi umeufyonza mwanga na kurudisha kidogo sana. Kwa mwanafizikia, basi, nyeupe ni jumla na nyeusi ni kukosekana, ilhali kwa muuza vifaa vya shule zote mbili si za rangi.

Mfasiri wa maandishi ya sayansi atakutana pia na lenzi akromati. Kuiita lenzi isiyo na rangi ni kosa, kwa kuwa takribani kila lenzi ya kawaida ni angavu. Lenzi sahili hupinda rangi mbalimbali kwa viwango tofauti, na matokeo yake ni ukingo wa rangi kuzunguka sura ya kitu. Lenzi akromati, ambayo John Dollond alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1758, huunganisha aina mbili za kioo ili mtawanyiko wa moja upunguzwe na wa nyingine. Ieleweke hivyo: ni lenzi isiyotawanya rangi.

Katika nguo, Kiswahili kina msamiati tajiri wa jambo hili. Merikani ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi wala kung'arishwa, kilichopewa jina la nchi kilikotoka wakati wa biashara ya karne ya 19. Merikani si nyeupe pe. Ni ya rangi ya pamba yenyewe. Bafta ni nyembamba na nyeupe. Kaniki imezamishwa katika rangi hadi ikakaribia weusi. Kanga ya kisutu huunganisha nyeupe, nyeusi na nyekundu, zilezile rangi tatu za vivumishi halisi.

Tena tutofautishe kati ya kutokuwa na rangi na kupoteza rangi. Nguo huchuja inapotoa rangi ndani ya maji, na matokeo yake ni kuchujuka. Kitu hupauka kwa jua au ukavu. Rangi au mwanga hufifia pole kwa pole. Kukwajuka ni kupoteza rangi na mng'ao kwa uchakavu. Vitenzi vyote vinne vinadokeza kwamba rangi ilikuwapo kwanza. Kwa sababu hiyo havifai kumweleza mtu aliyezaliwa na ngozi yenye rangi hafifu. Ngozi yake haikupauka wala haikuchujuka, kwani hivyo ndivyo ilivyo tangu mwanzo.

Maana ya tatu: jicho lisilotambua rangi

Mtu anaweza kuwa na rangi zote za kawaida mwilini mwake na asizione za ulimwengu. Nyuma ya jicho, katika retina, kuna seli za fito zinazofanya kazi katika mwanga hafifu, na seli za koni zinazofanya kazi katika mwanga wa kutosha na kutofautisha rangi. Kwa kawaida koni ni za aina tatu. Aina moja ikikosekana au ikifanya kazi kwa namna tofauti, mtu hushindwa kutenganisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza, aliieleza hali yake mwenyewe ya namna hiyo mwaka 1794. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hali hiyo huwapata takribani asilimia 8, na wanawake ni wachache sana, kwa kuwa jeni zinazohusika zimo katika kromosomu X.

Hali hiyo huitwa upofu wa rangi. Jina limeenea na halikosi maana, lakini linamfanya msomaji afikiri kwamba mhusika huona weupe na weusi tu. Wengi wao huona rangi nyingi. Katika maandishi ya kitaaluma tunapendekeza upungufu wa kutambua rangi, na upofu wa rangi ubaki kwa matumizi ya jumla.

Kutoona rangi kabisa ni hali nyingine, akromatopsia, ambayo kwa makadirio ya kawaida humpata mtu mmoja kati ya 30,000. Katika kisiwa cha Pingelap, huko Mikronesia, kimbunga cha karne ya 18 kiliacha watu wachache sana, na leo sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya uzao wao ina hali hiyo. Oliver Sacks aliwaandikia kitabu mwaka 1996. Mwenye akromatopsia hutegemea seli za fito, kwa hiyo mwanga wa mchana humzidi nguvu, uoni wake ni hafifu, na mara nyingi macho yake huchezacheza. Haya yakumbukwe, kwa maana yatarudi katika sehemu inayofuata kwa sababu tofauti kabisa.

Maana ya nne: mwili wenye upungufu wa melanini

Melanini ni kemikali inayotia rangi katika ngozi, nywele na macho. Mtu anaporithi kutoka kwa baba na mama jeni zinazozuia au kupunguza utengenezaji wake, huzaliwa na ualbino. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa na rangi ya kawaida, kila mmoja akiwa amebeba jeni hiyo bila kuijua. Nchini Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja kati ya 1,400, kiwango cha juu kikilinganishwa na mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000 katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Hapa fungu -sio na rangi linakosea mara tatu.

Kwanza, linatia chumvi. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika Mashariki huacha melanini kiasi. Nywele huwa za manjano au kahawia hafifu, na macho huwa ya kijivu, ya buluu hafifu au ya kahawia. Dhana ya macho mekundu inatokana na mwanga unaorudi kutoka katika mishipa ya damu nyuma ya jicho, si rangi ya jicho lenyewe.

Pili, linasahau jicho. Melanini hulinda ngozi dhidi ya jua, lakini kazi yake katika jicho ni kubwa vilevile. Katika irisi, duara linaloizunguka mboni, huzuia mwanga usipenye pembeni. Nyuma ya retina hufyonza mwanga uliopotea njia. Tena, jicho la mtoto aliye tumboni huihitaji ili sehemu ya kati ya retina, ile inayosomea herufi ndogo, ikomae sawasawa. Ndiyo maana watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu ambao miwani huusaidia kwa sehemu tu, na macho yao hutaabishwa na mwanga mkali na huchezacheza.

Tatu, linazua kosa la mantiki. Wasomaji wengi hudhani kwamba asiye na rangi haoni rangi. Sivyo. Seli za koni za mtu mwenye ualbino hufanya kazi, na kwa kawaida huziona rangi kama wengine. Mwenye akromatopsia na mwenye ualbino wanaweza kuketi darasa moja, wote wakikunja macho kwa ajili ya dirisha moja, lakini wa kwanza ana rangi na hazioni, wa pili anaziona na hana. Neno linalowaweka pamoja halimfai mwalimu wa yeyote kati yao.

Jina la mtu

Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa Victoria, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mashambulizi yaliripotiwa ng'ambo ya mpaka pia, mashariki mwa Burundi, jirani na Kibondo. Shule za bweni ziligeuka mahali pa hifadhi: Mitindo huko Misungwi, Buhangija huko Shinyanga, na Kabanga huko Kasulu. Watoto waliletwa Kabanga si kwa ajili ya masomo tu, bali kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama.

Ni katika miaka hiyo lugha nayo ilianza kuchunguzwa. Neno zeruzeru ni la zamani na limo katika kamusi. Hata hivyo, limebeba simulizi za kwamba mwenye hali hiyo si mtu kamili, kwamba ni mzimu, kwamba hafi bali hutoweka. Mbaya zaidi ni dili, neno la mitaani la biashara, ambalo baadhi ya watu waliligeuza kuwa la kuwazomea wapita njia wenye ualbino. Mwenye kulisema hudhani anatania. Anayeitwa hivyo husikia bei yake ikitajwa.

Neno albino lilichukua nafasi ya zeruzeru katika taasisi nyingi. Lilitoka lugha za Ulaya, likiwa na asili ya neno la Kilatini la weupe, na chama kilichoanzishwa mwaka 1978 kilijiita Chama cha Albino Tanzania. Baadaye chama hichohicho kilichukua jina la Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Badiliko hilo ni somo zima la msamiati. Kiambishi u- kimeligeuza jina la mtu kuwa jina la hali, kama katika upofu, ujane na utoto, na neno watu limerudishwa mbele. Hali ni kitu alicho nacho mtu, wala si mtu mwenyewe.

Vyombo vya habari hutumia pia mlemavu wa ngozi. Nia ni njema, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawalinda watu hawa kama watu wenye ulemavu. Lakini jina hilo lina kasoro ya ukweli: linataja ngozi na kuyaficha macho. Anayelisikia atakumbuka kofia na mafuta ya kujikinga na jua, mambo ya lazima kabisa katika nchi iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako miali ya jua inayodhuru ngozi ni mikali zaidi kuliko pwani. Hatakumbuka ubao.

Isidhaniwe kwamba muundo wa mtu mwenye ndio dawa ya kila jina. Viziwi wa Tanzania wana chama chao kiitwacho Chama cha Viziwi Tanzania, na hawakuona haja ya kulikwepa neno kiziwi. Kanuni iliyo bora ni kufuata jina ambalo wahusika wamejichagulia. Miongoni mwao wapo pia wanaojiita albino bila kinyongo. Hiyo ni haki yao, lakini si ruhusa kwa mwandishi wa nje kuliandika kwa niaba ya wote.

Wakalimani wanaofanya kazi na wakimbizi wana jukumu la ziada. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, humwita mtu mwenye ualbino nyamweru, neno lenye mzizi wa weupe. Mkimbizi akisema nyamweru, mkalimani asiandike zeruzeru kwa kudhani kwamba analeta neno la kienyeji kwa neno la kienyeji. Aandike mtu mwenye ualbino. Asiandike pia mtu mweupe, kwa kuwa katika Kiswahili binti mweupe ni msichana wa ngozi ya maji ya kunde au hafifu zaidi tu, na habari itapotea.

Ubao, karatasi na mwanga

Maana zote nne zinakutana darasani. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, jambo la kwanza si aina ya rangi bali ni tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mahali ilipoandikwa. Ubao mweusi na chaki nyeupe, vifaa rahisi vya shule yoyote ya Kasulu, hutoa tofauti kubwa kuliko chaki nyekundu au buluu juu ya ubao huohuo. Mwalimu anayepamba somo kwa chaki za rangi huwafurahisha wengi na kuwafungia mlango wachache. Ubao uliopauka kwa matumizi, wenye kijivu mahali pa weusi, una kasoro hiyohiyo, na dawa yake ni kuupaka upya.

Wasanifu wa kurasa za intaneti wamelipa jambo hili kipimo. Uwiano wa mwangaza kati ya nyeusi kamili na nyeupe kamili ni 21 kwa 1, na miongozo ya kimataifa hutaka maandishi ya kawaida yasipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo unaopendwa siku hizi, mara nyingi hakifiki hapo. Kutumia weupe na weusi tu si umaskini wa usanifu, kwani kwa msomaji fulani ndiyo njia pekee ya kuingia katika ukurasa.

Lakini weupe nao una madhara yake. Ubao mweupe unaong'aa na karatasi yenye mng'ao hurudisha mwanga wa dirisha na kumuumiza macho mtoto mwenye ualbino. Karatasi isiyong'aa, herufi nene, kiti cha mbele kilichoupa dirisha mgongo au ubavu, na ruhusa ya kusogea hadi ubaoni: haya hayana gharama kubwa. Baraza la Mitihani la Tanzania huwakuzia maandishi ya karatasi za mitihani watahiniwa wenye uoni hafifu. Lakini mtoto lazima kwanza atambulike shuleni kuwa ana uoni hafifu. Akiandikishwa kwa jina la ulemavu wa ngozi peke yake, hatua hiyo inaweza kurukwa, na miaka saba ya kushindwa kusoma ubaoni ikaitwa uzito wa akili.

Muhtasari wa matumizi

Kwa kitu kinachopitisha mwanga, andika -angavu. *Chupa hii ni angavu, kilichomo kinaonekana.*

Kwa picha, chapa na usanifu, andika -a nyeusi na nyeupe au -sio ya rangi. *Ramani hii si ya rangi. Mito imeonyeshwa kwa mistari minene.*

Kwa lenzi, andika akromati au isiyotawanya rangi, kamwe usiandike isiyo na rangi.

Kwa kitu kilichokuwa na rangi ikapungua, chagua kitenzi kinachofaa: -chujuka, -pauka, -fifia, -kwajuka. *Kitenge kimechujuka. Paa limepauka kwa jua.*

Kwa jicho, andika upungufu wa kutambua rangi au, inapohusika kweli, akromatopsia. *Mwanafunzi ana upungufu wa kutambua rangi. Asiulizwe maswali ya ramani kwa kutaja rangi pekee.*

Kwa mtu mwenye upungufu wa melanini, andika mtu mwenye ualbino, wingi watu wenye ualbino. Upatanisho ni wa ngeli ya A-/WA-. *Watoto wenye ualbino waketi mbele, mbali na mwanga wa dirisha.* Usiandike zeruzeru isipokuwa unanukuu au unaeleza historia ya neno. Pale ambapo macho yanahusika, yataje kwa jina: *Ana ualbino na uoni hafifu.* Fungu asiye na rangi lisitumike kabisa kwa mtu.